Kofia Mkononi, Kilemba Kichwani: Adabu ya Mgeni Katika Nyumba za Ibada za Kericho

Mji wa Kericho una nyumba za ibada ambazo amri zake, zikitazamwa juujuu, zinapingana. Mwanamume anayeingia kanisa dogo la mawe la Holy Trinity la Waanglikana, au Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Wakatoliki lililotabarukiwa mwaka 2015, huvua kofia. Akienda kwenye gurudwara ya Wasikhi, ambao wengi wetu tumezoea kuwaita Makalasinga, mwanamume huyo huyo hapiti mlango wa ukumbi wa ibada kichwa wazi. Kanisani huingia na viatu na kuketi kwenye benchi. Msikitini na gurudwarani viatu hubaki nje na watu huketi chini. Kwa Wakatoliki, asiye Mkatoliki hutarajiwa asipokee komunyo. Kwa Wasikhi, kila aliyeingia hugawiwa chakula kilichobarikiwa, awe na dini yoyote au asiwe na dini kabisa. Mtu aliyejifunza adabu za nyumba moja, akizihamisha zilivyo hadi nyumba ya pili, atamkosea mwenyeji, na huenda asijue kwamba amekosea.

Kutokana na tofauti hizi wapo wanaohitimisha kwamba mambo ya kofia na viatu ni desturi tupu, kwamba Mungu hutazama moyo, na kwamba mgeni mwenye nia njema hana haja ya kujisumbua. Mimi nahitimisha kinyume. Alama ya heshima ingekuwa moja duniani kote, mtu angeitimiza kwa mazoea bila kumfikiria aliye mbele yake. Kwa kuwa alama zinatofautiana, linalobaki ni kumuuliza mwenye nyumba, kwa maana yeye ndiye ajuaye kilicho kitakatifu nyumbani mwake. Hapo kuvua kofia na kufunga kilemba huwa tendo moja lenye sura mbili. Nashikilia kwamba adabu katika nyumba ya ibada haimdai mgeni aamini anachokiamini mwenyeji. Inamdai akubali kwamba, ndani ya kuta zile, mwenyeji ndiye mwenye haki ya kusema kipi kiguswe, kipi kisiguswe na kwa namna gani. Kericho na jirani yake Bomet ni mahali pafaapo kulipima dai hili, na gurudwara ya Kericho ndiyo mfano ulio bora, kwa kuwa ni nyumba ambayo wakazi wengi wa nchi ya chai wameiona kwa nje tu.

Wasikhi hawakuja Kericho juzi. Reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 kutoka Mombasa hadi ufuo wa Ziwa Viktoria iliwaleta maelfu ya wafanyakazi kutoka India, na miongoni mwao walikuwamo mafundi wa Kisikhi kutoka Punjab: maseremala, wahunzi na waashi. Wengine walifuata baadaye kwa hiari yao, wakatafuta riziki katika miji iliyochipuka bara. Kericho ilipogeuka kuwa nchi ya mashamba makubwa ya chai katika miaka ya 1920, kampuni kama Brooke Bond zilipofika, kazi ya fundi wa mbao, chuma na mitambo haikukosekana. Mmoja wa Wasikhi walioishi na kufanya kazi mjini humo kwa miaka mingi ni Puran Singh, mtu aliyejulikana kwa ibada na kwa kuwahudumia wengine. Katika miaka ya 1970 alihamia Uingereza, akaanzisha jumuiya ya Guru Nanak Nishkam Sewak Jatha mjini Birmingham, na akafariki mwaka 1983. Wafuasi wake humtaja hadi leo kwa jina la mji wetu, mtakatifu wa Kericho, na gurudwara kubwa ya Kericho inahusishwa na kumbukumbu yake. Mahujaji husafiri kutoka Ulaya kuja kusali pale. Kwa hiyo nyumba hiyo ina historia ya kwetu, na anayeichukulia kama jambo geni lililoangukia Kericho kwa bahati hajaisoma vyema historia ya mji wenyewe.

Masharti ya nyumba hiyo huonekana mengi kwa asiyejua yanatoka wapi, lakini karibu yote yanatokana na jambo moja. Katikati ya ukumbi wa ibada, juu ya kiti kilichoinuliwa na chini ya kitambaa kilichotandazwa kama paa, pamewekwa Guru Granth Sahib, kitabu chenye kurasa 1,430. Mkusanyiko wake wa kwanza uliwekwa katika hekalu la Amritsar mwaka 1604, na mwaka 1708 Guru Gobind Singh, wa kumi na wa mwisho miongoni mwa walimu wakuu wa Kisikhi walioishi kama binadamu, alitangaza kwamba baada yake hakutakuwa na mwalimu mwingine wa mwili na damu. Kitabu hicho ndicho kitakuwa Guru. Tangu hapo Wasikhi hukitunza kama wanavyomtunza mwalimu aliye hai: hufunuliwa asubuhi, hupepewa, hufunikwa kwa vitambaa safi, na usiku hupelekwa mahali pake pa kupumzika. Ukilishika hilo, masharti mengine hujieleza. Unafunika kichwa na kuvua viatu kwa kuwa unaingia barazani kwa mkuu. Unaketi sakafuni, miguu imekunjwa, nyayo zisimwelekee, kwa kuwa hakuna anayekaa juu kuliko yeye wala anayemnyooshea miguu. Hubebi sigara wala pombe, hata mfukoni, hata kama huna nia ya kuvitumia. Unanawa mikono. Unazungumza kwa sauti ya chini au unanyamaza. Mvua ya Kericho nayo ina neno lake hapa: mgeni aliyetoka shambani na gambuti zenye matope hana haja ya kuona haya, maana viatu vyote, vya meneja na vya mchuma chai, hubaki mahali pamoja nje ya mlango. Asiye na kilemba huazimwa kitambaa cha kichwa pale pale.

Jambo linalowashangaza wageni zaidi ni chakula. Ndani ya ukumbi hugawiwa prasadi, kitu laini kama halua kilichopikwa kwa unga wa ngano, samli, sukari na maji. Hupokewa kwa viganja viwili vilivyounganishwa, ukiwa umeketi, na huliwa pale pale bila kuangusha makombo. Baadaye watu huenda kwenye jiko la jumuiya, langari, ambako dengu, mboga, wali, chapati na chai hutolewa bure kwa yeyote. Hakuna nyama, samaki wala mayai, ili chakula kile kiweze kuliwa na watu wa dini nyingi mbalimbali bila wasiwasi. Wasafiri wa barabara ya Mombasa wanaujua ukarimu huu kupitia gurudwara ya Makindu, iliyoanzishwa mwaka 1926, ambako wengi wamekula bila kuulizwa kabila wala dini. Kwa Wasikhi, langari ni fundisho la imani linalotendwa kwa sufuria na upawa. Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469, alikulia katika jamii iliyogawanyika kwa matabaka ambamo watu wa tabaka la juu hawakula pamoja na wa chini. Safu ya watu walioketi sakafuni wakila chakula kimoja ilivunja mpaka huo kwa vitendo. Fikiria maana yake katika Kenya ya ukoloni, ambamo hoteli, shule na hospitali ziligawanywa kwa rangi ya ngozi. Ndiyo maana mgeni anayeomba apewe kiti na meza, na anayependekeza alipie sahani yake kama hotelini, humkosea mwenyeji akidhani anamstahi. Adabu ni kuketi safuni, kupokea kiasi unachoweza kukimaliza, kutobakiza, na kama una nguvu na muda, kuuliza kama unaweza kusaidia kuosha vyombo. Kutoa mchango katika sanduku ni hiari. Lakini kuifanya langari hoteli ya kila siku ya kubania pesa, huku una uwezo wa kujilisha, ni kukichezea chakula kilichoandaliwa kwa jasho la watu wanaojitolea.

Pingamizi la kwanza huja kutoka kwa Wakristo, ambao ndio wengi katika Kericho na Bomet, na ni pingamizi la kweli linalostahili jibu. Wanauliza: nikifunika kichwa mbele ya kitabu cha dini nyingine, na nikipokea chakula kilichoombewa kwa namna isiyo yangu, sijashiriki ibada ya wengine? Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo vunja lako jicho. Je, ndivyo tunavyotakiwa tufanye na imani yetu? Jibu ni kwamba hakuna anayetakiwa kuvunja jicho. Msikhi anapoingia huinama hadi paji la uso likagusa sakafu, lakini mgeni asiyeweza kufanya hivyo kwa dhamiri yake anaweza kuingia taratibu, kuketi nyuma na kunyamaza, na hakuna atakayemlaumu. Akishindwa kupokea prasadi, huunganisha viganja, huinamisha kichwa na kukataa kwa upole. Kufunika kichwa kwenyewe si tendo la imani ya Kisikhi peke yake. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aliwaagiza wanawake wafunike vichwa wanaposali na wanaume wasifunike, jambo linaloonyesha kwamba hata ndani ya Ukristo kichwa kimebebeshwa maana mbalimbali. Na katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, Naamani jemadari wa Shamu, baada ya kumkiri Mungu wa Israeli, alimweleza nabii Elisha kwamba kazi yake ingemlazimu kuingia hekaluni mwa Rimoni na kuinama pamoja na bwana wake. Nabii alimruhusu aende kwa amani. Waislamu nao wanayo Sura ya Al-Hajj katika Kurani, ambayo aya yake ya 40 inazitaja nyumba za watawa, makanisa, masinagogi na misikiti pamoja kuwa mahali linapotajwa jina la Mungu. Vitabu hivi havimfungulii mtu mlango wa kuabudu kila kitu. Vinaonyesha kwamba waumini wa kale walijua kutenganisha ibada ya moyo na staha ya mwili.

Pingamizi la pili hutoka kwa watu wa upande mwingine kabisa, wale wasiojali sana dini na wanaoziona nyumba hizi kama vivutio. Kanisa Kuu la Kericho limevuta macho ya dunia kwa usanifu wake: paa refu la vigae linaloinuka kufuata umbo la vilima, mbavu zilizopangwa ndani kama za mtumbwi, nafasi ya watu wapatao 1,500, na jina la kampuni ya msanifu maarufu John McAslan kutoka Uingereza. Mtu aliyesafiri kutoka Nairobi kulipiga picha anaweza kudhani kwamba jengo zuri ni mali ya macho ya wote, na kwamba mwananchi hapangiwi namna ya kulitazama. Lakini jengo lile lilisimamishwa kwa ajili ya Misa, na anayelipuuza kusudi hilo hauelewi uzuri wake wenyewe. Mistari ya paa humvuta mtu kuelekea altare kwa sababu altare ndiyo kiini cha nyumba. Mgeni mwenye adabu hutembelea nje ya saa za Misa, au akifika wakati wa Misa huketi, husimama watu wanaposimama, hapandi altareni, hapiti katikati ya wanaosali ili apate pembe nzuri ya picha, na huiheshimu kwa kimya taa ndogo iwakayo karibu na tabernakulo, sanduku linamohifadhiwa Ekaristi, kwa maana Wakatoliki wanaamini kwamba pale Kristo yupo. Wakati wa komunyo hubaki mahali pake. Hapa ndipo dai langu linapoonekana wazi: kwa Wakatoliki heshima ni kutopokea, kwa Wasikhi heshima ni kupokea, na aliyeuliza hakosei kokote.

Sheria nayo inaunga mkono pande zote mbili, mgeni na mwenyeji. Ibara ya 32 ya Katiba ya 2010 humpa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na inasema pia kwamba mtu asilazimishwe kutenda jambo lililo kinyume cha imani yake. Kwa hiyo hakuna nyumba ya ibada inayoweza kukulazimisha uingie na ufunike kichwa. Lakini uhuru huo huo unawapa waumini haki ya kuabudu bila kusumbuliwa, na Kanuni ya Adhabu ina makosa mahususi ya kuvuruga mkutano wa ibada na kuidharau dini. Kuhusu picha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatukumbusha kwamba sura ya mtu ni yake. Mama aliyepiga magoti akilia mbele ya sanamu ya Bikira Maria, au mzee Msikhi anayesoma kitabu chake, hajawa sehemu ya mandhari kwa kuwa tu una simu yenye kamera nzuri. Hata hivyo, sheria ni kiwango cha chini. Mtu anayeheshimu nyumba ya ibada kwa kuogopa polisi bado hajafika mahali makala haya yanapotaka kumfikisha.

Pingamizi la tatu ni la wenyeji wenyewe wa nchi ya chai, na ndilo zito kuliko yote. Baadhi husema: haya ni mambo ya wageni, Wahindi na Wazungu, na sisi hatukuwa na desturi za milangoni namna hii. Historia ya Wakipsigis inasema vingine. Kabla ya misheni kama ile ya Tenwek, iliyoanzishwa mwaka 1935 karibu na Bomet, boma la Kipsigis lilikuwa na mabwaita, madhabahu ya familia iliyosimikwa kwa matawi nje ya nyumba, upande wa mashariki, jua linakochomoza. Sala za asubuhi, ndoa na sherehe za jando zilipitia hapo. Mgeni aliyeingia boma hakuhitaji kuamini mizimu ya ukoo ule ili ajue kwamba pale hapachezewi. Jamii nzima nayo ilikuwa na kapkoros, mahali pa juu pa kumshukuru Asis, Mungu wao, na jina la kapkoros bado linatajwa kila siku Bomet kupitia kiwanda cha chai cha Kapkoros. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliuhamisha kwa nguvu ukoo wa Talai, uliokuwa na uongozi wa kiroho, hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria. Wakipsigis, watu wa kwetu, wanaijua fedheha ya kuona kitu chao kitakatifu kikifanywa si kitu na mgeni mwenye nguvu. Anayeijua fedheha hiyo ana sababu kubwa kuliko mwingine yeyote ya kutoifanyia nyumba ya jirani. Na deni linakwenda pande zote: mtalii, meneja wa shamba au muumini wa dini yoyote anayepelekwa kwenye kilima ambacho wazee bado wanakitunza anapaswa kuuliza wapi pa kupita na wapi pa kusimama, hata kama haoni ukuta, mlango wala mnara.

Haya yote yanampa mwenyeji wajibu pia. Akikaripia mlangoni bila kueleza, mgeni hujifunza woga badala ya heshima, na harudi. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe: kila mtu humwona, na kosa lake huonekana kwanza. Nyumba inayotaka kuheshimiwa iweke vitambaa safi vya kichwa karibu na mlango, ibandike maelezo mafupi kwa Kiswahili na Kipsigis pamoja na Kiingereza, na impe mtu mmoja mpole kazi ya kujibu maswali. Makanisa ya Africa Gospel yaliyotokana na kazi ya Tenwek yana desturi inayofaa kuigwa hapa, ile ya kumwomba mgeni asimame ajitambulishe na kumkaribisha mbele ya wote. Mgeni aliyekaribishwa kwa jina hujua kwamba yumo nyumbani mwa mtu. Shule nazo zina nafasi. Mtaala wa Kenya unafundisha elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, na hiyo ya tatu inawajumuisha Wasikhi, lakini mwanafunzi wa Litein au Sotik husoma moja tu kati ya hizo. Safari moja ya darasa hadi gurudwara, msikiti na kanisa kuu, kwa ruhusa ya wenyeji na kwa maelezo yao, ingemfundisha kijana zaidi ya sura nzima ya kitabu kuhusu kuvumiliana.

Kwa hiyo, msomaji, kama hujawahi kuingia gurudwara ya Kericho, nenda. Nenda na soksi safi, acha sigara nyumbani, beba leso au kitambaa cha kichwa, zima simu, na mlangoni mwambie wa kwanza utakayemkuta kwamba wewe ni mgeni na ungependa kujua utaratibu. Fanya vivyo hivyo katika msikiti, kanisani, na katika kilima cha wazee. Swali hilo moja, likiulizwa kwa unyenyekevu, linakufungulia nyumba zote za ibada za nchi ya chai, na halikupunguzii imani yako hata chembe.